Naomba Tumbo Langu Lipigwe Mhuri

Waheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Mitihani,

YAH: OMBI LA TUMBO KUPIGWA MHURI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, poleni na majukumu. Najua mnavyohangaika kuulinda ukumbi wa mitihani dhidi ya chupa za maji. Simu zinapita ndani ya soksi, madesa yanapita ndani ya mikanda, lakini chupa yangu ya nusu lita, niliyoibandua nembo yote ili isidhaniwe ina majibu, haijapenya hata mara moja. Kwa hilo hongereni sana.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu niliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo wakati wa likizo ndefu. Habari hizi si ngeni kwenu. Zimo kwenye faili langu pale masijala: barua ya daktari imo, muhtasari wa matibabu umo, na kibali mlichosaini ninyi wenyewe, kwamba niruhusiwe kuingia na maji na kutoka nikizidiwa, nacho kimo. Ila kila mitihani inapokaribia tunaanza moja. Barua ipo? Orijino iko wapi? Mbona mhuri umefifia? Mbona uso huu haufanani na wa kwenye kitambulisho, isije ikawa umetumwa kumfanyia mtu mtihani? Na lile linaloninyima usingizi: mbona barua ni ya muhula uliopita?

Waheshimiwa, daktari ameondoa karibu asilimia 80 ya tumbo langu. Kilichobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Mimi, kwa ushamba wangu, nilidhani jambo hilo ni la kudumu. Kumbe kwa mujibu wa kanuni zenu tumbo huota upya chuo kinapofunguliwa.

Basi, kwa kuwa karatasi haiaminiki, naomba mhuri upigwe tumboni kwenyewe.

Nimeliandaa ombi hili kwa makini lisije likawapa usumbufu. Upasuaji wa matundu madogo umeniachia makovu matano, na yamekaa vizuri sana kiofisi. La juu, karibu na chembe cha moyo, liwe la Msajili. La kulia liwe la Mlezi wa Wanafunzi. La kushoto ni la mkuu wa idara, ambaye hatakuwepo, kwa hiyo litasainiwa kwa niaba. La jirani na kitovu tumwachie wakili, maana mtahitaji kiapo kwamba tumbo hili ni langu na sikuliazima kwa mtu. La tano ni la mhasibu aandike namba ya malipo, kwani sijapata kuona mhuri wa bure. Wino uwe wa zambarau, wa kuvumilia jasho la foleni.

Mlangoni mambo yatakwenda haraka. Msimamizi ataomba kitambulisho, nitatoa. Ataomba tumbo, nitafunua blauzi. Atalilinganisha na picha ndogo ya tumbo hilohilo, iliyopigwa mbele ya kitambaa cha bluu, bila tabasamu. Mhuri uwe wa muhula mmoja, na kuuhuisha kufanyike wiki ya usajili, dirisha la mwisho, saa nne hadi saa sita, mtandao usiposumbua. Nikikonda hadi maandishi yakajikunja, nitozwe faini ya kuharibu mali ya taasisi. Nimekubali.

Maombi mengine ni madogo madogo. Lifti ya jengo la madarasa ama itengenezwe ama itangazwe kuwa marehemu tuchange rambirambi. Kipindi cha saa tatu mfululizo kiwe na mapumziko, hata kama ni ya mhadhiri kupaliwa tu. Kantini ijaribu kupika mtori, kwa kuwa sahani ya chipsi sina tena pa kuiweka. Na yule anayeniambia "umependeza kweli" huku akininyang'anya chupa, achague moja.

Kwa faida ya wajumbe ambao faili halijawafikia, nieleze kidogo. Kunywa maji kwangu ni kazi ya kutwa. Siwezi kugugumia. Nakunywa funda moja moja, nifikishe kama lita moja na nusu kabla ya kulala, na nikishakula nangoja nusu saa ndipo niguse maji. Natakiwa nipate walau gramu 60 za protini kwa siku, kijiko kwa kijiko: yai, samaki, maharage yaliyopondwa, mtindi. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu havinywewi pamoja. Vinapishana saa mbili. Masomo nayo nimeyapanga kwa nguvu nilizonazo. Somo gumu nalisoma alfajiri, kichwa kikiwa chepesi. Mchana, baada ya kula, napitia tu nilichokwisha kuandika. Jioni natembea taratibu hadi vimbwetani, nakaa na wenzangu, giza likiingia nalala bila kuona haya. Kwa mpango huo nasoma, na nafaulu mazoezi yote ya darasani.

Kinachonishinda ni mlango wenu. Mtihani wa saa tatu, ukijumlisha na saa nzima ya kupekuliwa juani, ni saa nne bila funda. Mkono unatetemeka, herufi zinacheza, na swali ninalolijua kwa moyo nalirudia kulisoma nisiambulie kitu.

Muhula uliopita nilitoka ukumbini nikatapika kwenye korido, nimeshika ukuta. Niliporudi, karatasi yangu ilikuwa imekusanywa, na kwenye fomu ya tukio mmeandika: "Mtahiniwa alitoka bila sababu ya msingi." Matapishi yalikuwa bado yako sakafuni! Mfagizi ndiye aliyeniletea maji, wala hakudai orijino. Mkanipa sapu ya somo ninaloliweza. Mkasema sikufikisha asilimia 75 ya mahudhurio, wakati siku nilizokosa nilikuwa hospitali na barua mlikuwa nayo mezani. Mkaniita nijieleze mbele ya meza ndefu, hakuna hata mmoja aliyefungua faili, na mmoja wenu akauliza, "Si ulijitakia mwenyewe?" Kisukari sikujitakia. Presha sikujitakia. Kupanda ngazi nikihema na miaka yangu 23 sikujitakia. Nilichojitakia ni kumaliza chuo nikiwa hai. Mnatuma salamu za rambirambi haraka kuliko mnavyosoma barua ya mgonjwa, na hiyo ni aibu, wala si ya kwangu.

Mniwie radhi, waheshimiwa. Daktari alinikataza kupandisha jazba. Turudi kwenye mhuri.

Endapo bajeti ya wino haitoshi, iko njia ya bei nafuu. Faili lifunguliwe. Kibali kisomwe. Jina langu liingizwe kwenye orodha anayokabidhiwa msimamizi asubuhi ya mtihani, lipitishwe bila mahojiano. Ni mstari mmoja. Chini yake aandikwe mwenzangu mwenye kisukari, na yule mwenye sikoseli, na mama anayenyonyesha anayejificha chooni kukamua maziwa. Natambua pendekezo hili ni zito; litadai kikao, posho, na huenda ziara ya mafunzo Arusha. Nawatakia safari njema, ila mitihani inaanza Jumatatu.

Wenu mtiifu,

Mtahiniwa Asiye na Sababu ya Msingi

Nakala: Mlinzi wa ukumbi, kwa uamuzi wa mwisho.