Nani Amsimamishe Bibi?

Karakana ya fundi baiskeli, Lushoto, saa saba mchana. Fundi amekwenda kula. Kwenye stendi ananing'inia BIBI FREMU, baiskeli ya mlimani iliyotengenezwa Japani mwaka 1987: chuma cha kromoli, magurudumu ya inchi 26, rangi imebaki nusu. Mwenyewe ni kijana anayetembeza watalii milimani, na ameacha agizo la maneno matatu: "Weka breki kisasa." Ukutani ametundikwa BABU PHOENIX, mzaliwa wa Shanghai, mbeba kabichi mstaafu. Mezani pana maboksi mawili yaliyokwisha kufunguliwa: moja la breki za diski, jingine la V-breki. (Mwandishi yuko upande wa Bibi, wala hafichi.)

DISKI: (akichungulia kutoka kwenye boksi lake) Ndugu wajumbe, tuanze. Muda hautusubiri.

BABU PHOENIX: Umeingia nyumba ya watu bila hodi wala salamu. Au siku hizi salamu inauzwa peke yake?

V-BREKI: (wawili, kwa pamoja) Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu.

BIBI FREMU: Marahaba wanangu. Haya, mgeni, sema shida yako.

DISKI: Sina shida, nina mpango. Breki zote zilizopo zing'olewe, nifungwe mimi, mbele na nyuma. Baiskeli hii itasimama kwa viwango vya kimataifa.

BIBI FREMU: Nimesikia. Utakaa wapi?

DISKI: Kukaa?

BIBI FREMU: Kukaa, mwanangu. Wewe unafungwa kwa boliti kwenye masikio yaliyochomelewa kwenye foku na kwenye fremu. Nipapase mwili mzima. Ukiyaona, niite.

DISKI: Hilo ni suala la miundombinu. Yatachomelewa.

BIBI FREMU: Na habu zangu hazina matundu ya kufungia sahani yako.

DISKI: Magurudumu mapya, basi.

BIBI FREMU: Na foku?

DISKI: (anashusha sauti) Foku hii mabomba yake ni membamba kule chini. Mimi nikibana, nguvu yote inaangukia upande mmoja, karibu na ekseli. Haikuundwa kwa kazi hiyo. Ingefaa foku mpya.

BABU PHOENIX: Na fremu je?

DISKI: Tusubiri upembuzi yakinifu.

BABU PHOENIX: Bibi, huyu hakuja kukutengeneza. Amekuja kukurithi.

(Vicheko. Hata spana zinatikisika kwenye kopo.)

DISKI: Chekeni. Lakini masika yakianza Usambara, ringi ikalowa na kupakwa tope, hao jamaa zenu wanapapasa tu wakati gurudumu linaendelea na safari. Mimi sahani yangu iko mbali na tope.

BIBI FREMU: Hapo umesema kweli, na asikubishie mtu. Baiskeli iliyozaliwa na masikio yako ingekuwa punguani kukukataa. Mimi sikuzaliwa nayo.

DISKI: Ndiyo maana zamani hamkujua kusimama.

BIBI FREMU: Tulijua, ila kwa gharama. Ukoo wangu umeanzia Marin, kaskazini ya San Francisco. Vijana wa kule, miaka ya 1970, walikuwa wakichukua baiskeli nzito za tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na kushuka nazo njia ya vumbi, kiasi cha mita 400 kwenda chini katika kilomita tatu na ushei. Breki ilikuwa moja tu, ya nyuma, ile ya kurudisha pedeli. Wakifika chini habu inafuka moshi, grisi yote imeungua, kazi inayofuata ni kuifungua na kuijaza upya. Njia yenyewe wakaiita Repack, yaani "jaza upya", kwa ajili hiyo. Mwaka 1976 wakaanza kushindana hapo, na waliokuwamo ni kina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly. Baadaye wakafunga breki za waya. Nani alizileta halikunihusu, lililonihusu ni kwamba zilishika.

NEMBO: (karatasi iliyobanduka pembe moja, ubavuni mwa Bibi) Ndiyo maana nasema asiguse mtu! Kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wakiona boliti moja isiyo ya asili, thamani inashuka. Mimi ningependekeza tutundikwe ukutani, hotelini, chini ya taa.

BABU PHOENIX: Mimi nimetundikwa. Njoo tubadilishane.

BIBI FREMU: Nembo, kiwandani nilitoka na raba laini za breki na waya usio na kutu. Hizo zilipokwisha, mbona hukulia?

(Nembo anajibandua kidogo zaidi.)

V-BREKI: Bibi, sisi hatutaki foku wala magurudumu. Tunakaa kwenye vigingi vilevile vya breki ya kantileva. Shimano walitutoa mwaka 1996, na leo tumo hata kwenye baiskeli za watoto.

DISKI: Wa mwaka 1996, nao wanajiita wa kisasa!

SAUTI KUTOKA CHINI: Hata mimi niliitwa hivyo.

V-BREKI: Nani huyo?

BIBI FREMU: Ni Yu-Breki wa nyuma. Mtamwona mkiinama. Walimficha chini kabisa, kwenye yale mabomba mawili yanayotoka penye pedeli kwenda ekseli ya nyuma.

YU-BREKI: (akikohoa tope kavu) Mwaka 1987 hapakuwa na maringo kunizidi. Walisema nina nguvu kuliko kantileva na sichomozi mabawa pembeni. Wakanisifu, wakanifunga, tena mahali ambapo gurudumu linamwaga kila linachookota. Fundi akitaka kunisafisha sharti anipindue. Raba zangu nazo zina tabia: kadiri zinavyolika ndivyo zinavyopanda, mpaka zinaanza kutafuna ubavu wa tairi. Miaka ya 1990 ilipoingia nilikwisha sahaulika. Diski, mwanangu, nakuangalia hapo kwenye boksi, na sikuchukii.

DISKI: Hali yangu ni tofauti.

YU-BREKI: Nilisema hivyohivyo.

BIBI FREMU: Na hapo ndipo V-Breki mnapokwama kwa nyuma. Vigingi vya Yu viko juu ya ringi, ninyi mnataka vya chini ya ringi. Hamwezi kumrithi.

V-BREKI: Basi tufunge mbele tu. Mbele ndiko kwenye kazi kubwa.

KANTILEVA: (wa mbele, kwa upole wa mwenye nyumba anayetolewa vyombo nje) Karibuni. Ila mnakunywa waya, ninyi. Ule mkono wa breki pale kwenye usukani unavuta waya kidogo. Mimi unanitosha, ninyi mnataka karibu mara mbili. Mkifungwa nao utagonga usukani kabla hamjashika sawasawa.

V-BREKI: Tumekuja na mikono yetu.

KANTILEVA: Mikono yenu mkimpa huyu Yu wa nyuma, breki itahisi ngumu, imekaza, mpandaji atajisifu. Baiskeli haitasimama.

V-BREKI: Basi mkono mmoja mpya, mmoja wa zamani.

BABU PHOENIX: Serikali ya mseto.

BIBI FREMU: Si vibaya, Babu. Mseto huo unashika, na wapo wanaoutumia. Kama Kantileva angekuwa amepinda au amepasuka, ningewaambia hawa vijana wapande leo hii.

KANTILEVA: Asante, Bibi. Lakini kwa kuwa tunasemezana ukweli, na mimi nina langu. Waya mkubwa unashuka kutoka kwenye usukani, unashika ndoano, na ndoano inanyanyua waya mfupi unaopita juu ya tairi kuunganisha mabawa yangu mawili. Siku waya mkubwa ukikatika, ule mfupi unaanguka juu ya tairi. Meno ya tairi yanaudaka, gurudumu linaganda, na mpandaji anaendelea na safari peke yake. Zamani palikuwa na kibati cha kiakisi mwanga mbele yangu, kingeudaka kwanza. Kijana alikitoa. Alisema kinaharibu mwonekano wa picha.

(Kimya. V-Breki, ambao hawana waya huo mfupi, wanatazama chini kwa adabu.)

DISKI: Mnaona? Hatari tupu! Kutoka hapa mpaka Mombo kwa njia ya Soni ni zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona. Mnataka kumshusha binadamu na kitu hicho?

BABU PHOENIX: Mimi niliishuka njia hiyo na magunia mawili ya kabichi. Breki zangu ni za vyuma, raba zinabana ringi kwa ndani, na ringi yenyewe ya chuma. Ikinyesha, hazishiki kitu. Breki niliyoitegemea ni kandambili ya marehemu bwana wangu, akiikandamiza kwenye tairi. Kila msimu alinunua jozi mpya, na duka zima likimwuliza anakwenda wapi kwa miguu.

RABA: (sauti kavu kutoka kwenye bawa la Kantileva) Naomba nafasi.

DISKI: Wewe ni nani?

RABA: Ndimi ninayegusa ringi. Ninyi wote mnavuta, mimi ndiye ninayeshika. Nimekuwa mgumu kama kwato, uso umeng'aa, na ndani yangu zimenasa chembe za alumini zinazoichora ringi kila nikibanwa. Huku nyuma yangu Waya anasaga kutu ndani ya ganda lake. Nusu ya nguvu ya vidole inaishia humo. Mmejadili foku, masikio, vigingi na mikono. Mimi hata kwenye ajenda simo.

DISKI: Raba? Gharama yake ni ndogo mno kuundiwa mradi.

BABU PHOENIX: Kweli. Nani atakuja kukata utepe wa raba?

(Hatua mlangoni. Fundi anaingia akichokoa meno. Wote kimya.)

Fundi anamtazama Bibi, anabana mkono wa breki mara moja, anaguna. Anachomoa waya wa mbele. Unatoka na unga mwekundu unaomwagikia kiganjani. Anakata waya mpya na ganda jipya, mbele na nyuma. Raba nne mpya. Ringi anaisugua kwa msasa laini mpaka weusi unatoka. Yu-Breki anafunguliwa, anaoshwa kwa petroli, anapakwa grisi. Kwa Kantileva anafanya jambo la dakika mbili ambalo halimo kwenye boksi lolote: anaishusha ile ndoano karibu na tairi, ili waya mfupi utanuke na mabawa yavutwe kwa nguvu zaidi. Mwisho anaokota kibati cha kiakisi kutoka kwenye kopo la vikorokoro na kukifunga mbele. Maboksi anayafunika.

Saa kumi kijana anafika. Anapanda, anashuka kijiteremko cha nje, anabana. Gurudumu la nyuma linanyanyuka, nusura aruke mbele.

KIJANA: Fundi! Zinashika hizi! Umeweka zipi?

FUNDI: Zilezile. Waya na raba.

KIJANA: Zilezile? Si nilisema kisasa? Shilingi ngapi?

FUNDI: Elfu ishirini.

KIJANA: Elfu ishirini, na hujaweka kitu! Hata kuonekana hakionekani!

Fundi anajikuna kidevu. Anavuta droo, anatoa vikofia viwili vyekundu vya kufunikia ncha za waya, anavibana kwa koleo, kimoja mbele, kimoja nyuma.

FUNDI: Haya. Hivi ndivyo vya kisasa. Elfu ishirini na tano.

Kijana anainama, anavitazama, anatoa simu, anapiga picha tatu. Analipa bila neno, anaondoka akipiga mluzi.

DISKI: (ndani ya boksi) Huu ni utapeli.

KANTILEVA: (sauti ikififia barabarani) Miaka yote hiyo, kumbe tulipungukiwa kofia!