Mkate wa Mama Majani

Ndugu yangu mwenye binti aliyerudi likizo kutoka chuo Dar es Salaam, wewe utanielewa. Wangu tunamwita Mama Majani: hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Na hapa ni Ifakara, nyumba iliyokuzwa kwa perege na kambale wa Mto Kilombero! Bibi yake, Malkia wa Kambale, siku ya kwanza alidhani mtoto anaumwa, akamgusa paji la uso kupima homa.

Jumamosi nikaleta mkate wa slesi. Binti akaomba mfuko wake asome. Mfuko gani? Mama watoto alishawashia mkaa. Nikarudi dukani kwa Mangi, nikamulika mkate mwingine kwa tochi ya simu: ngano, hamira, sukari, mafuta ya mimea, E282, E471. Mangi hapendi mtu wa kutomasa mkate bila kununua, basi nikanunua.

E282 huzuia ukungu, haina mnyama. Tatizo ni E471. Hiyo huufanya mkate ukae laini, na hutengenezwa kwa mafuta. Yanaweza kuwa ya mawese au soya, yanaweza pia kuwa ya ng'ombe au nguruwe, na namba haibadiliki.

Wakati binti anaeleza hayo, akaingia shemeji yangu Pantoni. Tunamwita hivyo kwa sababu hafiki mahali hadi apakie watu, kama kile kivuko chetu cha mtoni kabla ya Daraja la Magufuli. Alikuja na majirani watatu, Waislamu kama yeye. Kusikia "nguruwe", slesi nne zikarudi kwenye sahani, moja imeshang'atwa. Chai ikapoa.

Nikapiga simu kiwandani. Nikajibiwa: "Ni mafuta ya kawaida tu, mzee."

Malkia wa Kambale hakusubiri. Alikuwa na rojo la mchele aliloumua tangu usiku, lenye tui la nazi, sukari na iliki. Akateleka chuma cha vitumbua, akapaka alizeti, vikaanza kuchachatika. Pantoni alikula saba. Binti yangu alikula akicheka na bibi yake, na mimi hilo nilikuwa nimelikosa wiki nzima.

Waoka mikate, nawaombeni: pembeni ya E471 ongezeni neno moja tu, mimea au mnyama.