Sifa za Pikipiki Yenye Kikohozi

Kuna mashine zinazosifiwa kwa sababu haziharibiki, na sifa ya namna hiyo haina utamu. Ni sawa na kumsifu mgeni kwa kuwa hakufika. Pikipiki ya motokrosi ya mipigo miwili imezitolea jasho sifa zake: hutoa moshi wa buluu, hulia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, hutema oili nyeusi kwenye ncha ya ekzosi, na kila baada ya saa kadhaa za kazi hutaka ipasuliwe kifua. Jirani huitambua kabla haijatoka getini. Mwenyewe huijua kama muuguzi anavyomjua mgonjwa wa kila wiki, na ndiyo sababu wapo wanaokaa na moja hiyohiyo miaka ishirini bila kuichoka.

Tazama Yamaha YZ250. Fremu yake ya alumini ilikuja mwaka 2005, na injini iliyobebwa humo ilikuwa tayari na umri wa kutosha kuheshimiwa. Honda iliagana na CR250R kwa toleo la 2007. Yamaha ikaendelea kuuza ya kwake, mwaka baada ya mwaka, kama muuza kahawa ambaye mtaa wote umehamia kwenye soda lakini yeye hajaambiwa.

Ndani yake hamna mengi. Injini ya mipigo minne hulipua mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Hii ya mipigo miwili hulipua kila mzunguko. Haina kamshafti wala cheni ya taimingi. Pistoni ndiyo bawabu: ikipanda huyafunga matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, ikishuka huyafungua. Kasoro yake ni kwamba mlango wa kuingilia na wa kutokea huwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi, hivyo sehemu ya mafuta mabichi hupita moja kwa moja na kwenda zake nje. Wenye roho ndogo huita huo ubadhirifu. Kwa jicho la mapenzi ni ukarimu tu: mashine hula, na hewa ya kijiji hugawiwa.

Ukarimu huo ulipata msimamizi huko Zschopau, Ujerumani Mashariki. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ aliipa ekzosi tumbo pana na mkia mwembamba, ili wimbi la shinikizo linalotoka na moshi ligonge mwisho wa tumbo, lirudi mbio, na kuyasukuma mafuta matoro ndani ya silinda kabla pistoni haijafunga mlango. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilifikia nguvu farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, bila turbo ya aina yoyote. Septemba ya mwaka huohuo, majuma machache baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, mwendeshaji wa kiwanda hicho, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, familia yake nayo ikavushwa kwa siri, na maarifa ya Zschopau yakaishia Suzuki. Mwaka 1962 Suzuki ilitwaa ubingwa wa dunia wa 50 cc, Degner akiwa juu ya tandiko. Injini yenye tabia njema haijawahi kumtia mtu katika msukosuko kama huo.

Mapenzi yenyewe huanzia kwenye dumu. Krenki ya injini hii haina beseni la oili. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli na kuingia nayo. Kwa uwiano wa 32 kwa 1, dumu la lita 5 hupewa mililita 156. Kwa 40 kwa 1, mililita 125. Tofauti ni kama vijiko sita vya chai, na kwa vijiko hivyo watu wazima wenye familia wamebishana hadi usiku. Aliyewahi kupakiwa kwenye vespa kuukuu katika vichochoro vya Unguja anaijua harufu inayozungumziwa hapa, ile inayobaki kwenye shati hadi siku ya kufua.

Oili inayosafiri na petroli ina masharti. Dereva akifunga mafuta kwenye mteremko mrefu huku gia zikiizungusha injini kwa kasi, oili nayo imekatika. Kwa hiyo mashine humfundisha kuminya klachi au kugusa mafuta kidogo kidogo anapoteremka. Ada ya somo hilo, kwa asiyesikia, ni pistoni moja na ringi zake.

Kisha kabureta. Mwenye pikipiki inayopangwa na kompyuta anaweza kuishi mwaka mzima asijue kama leo kuna joto. Huyu wetu hana uhuru huo. Hewa ya moto na ya mwinuko ni nyepesi, hutaka jeti ndogo. Ya baridi na ya usawa wa bahari ni nzito, hutaka jeti kubwa. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ikiteremshwa Mombasa bila kuguswa itakosa petroli ya kutosha kwa hewa inayoivuta. Injini itachemka na pistoni inaweza kushika ukuta wa silinda. Hivyo mtu husimama kando ya njia na plagi mkononi, akiigeuza juani. Rangi ya chai ya maziwa ni amani. Nyeupe ni homa. Nyeusi iliyolowa ni ulafi. KTM ilipoanza kuzipa pikipiki zake za enduro mfumo wa kupulizia mafuta, katika matoleo ya 2018, ilirahisisha maisha, na kuna watu hawajaisamehe.

Ila sherehe kubwa ni siku ya kubadilisha pistoni. Waendeshaji wa kujifurahisha huihesabu kwa saa za injini, 30 au 40 hivi kwa wengi wao. Wa mashindano hawangoji kiasi hicho. Maji ya rejeta humwagwa, springi za ekzosi huvutwa, kichwa hufunguliwa, silinda hunyanyuliwa, na pistoni hubaki uchi juu ya fimbo yake, pande zake zikiwa na michirizi inayosimulia kila kosa la msimu. Kwenye ncha za pini yake kuna klipu mbili za waya, kila moja nyepesi kuliko pete ya mtoto. Kabla ya kuzigusa, fundi hulifunika tundu la krenki kwa kitambaa safi, kwa sababu klipu inapochomoka haina desturi ya kurukia kwenye trei. Huelekea penye gharama kubwa zaidi.

Zilizotoka hazirudishwi; mpya huvalishwa. Ringi hutiwa kwanza peke yake ndani ya silinda ili mwanya wake upimwe. Mshale uliochongwa juu ya pistoni hutazama upande wa ekzosi. Ukuta wa silinda una utando mgumu wa nikeli na silikoni kabaidi, kwa hiyo haukerezwi ovyo kama bloku la zamani; ukichubuka sana hupelekwa kupakwa upya. Aliyezoea humaliza yote mchana mmoja, chini ya mwembe akitaka. Mwenzake wa mipigo minne, valvu ikimkatikia kwenye mwendo, anaweza kupoteza kichwa, pistoni na silinda kwa pigo moja, pamoja na akiba ya karo.

Katika kuiboresha ndipo hekima ya mashine hii inapoonekana kwa ukamilifu, kwa maana fedha nyingi huenda katika kuipunguza makali. Mtu hununua YZ250 ya kilo 103 hivi ikiwa na petroli, inayotaka kumtupa nyuma kila akivuta mafuta, kisha hununua uzito wa kuongeza kwenye gurudumu tegemeo ili nguvu zije kwa adabu. Kichwa huchongwa upya kupunguza mgandamizo. Rimu ya nyuma ya inchi 19 huiachia nafasi ya inchi 18, tairi ipate nyama ya kupokea mawe. Marekebisho yenye faida kuliko yote hayapigi kelele, na pengine ndiyo maana huja mwisho: springi zinazolingana na kilo za mwendeshaji, zikipangwa ili akikaa juu yake na mavazi yote, nyuma ishuke takriban sentimita 10. Ekzosi inayong'aa hununuliwa kabla ya springi karibu kila mara. Mtu ni mtu.

Yaliyobaki ni ya mikono michafu. Chujio la hewa la sponji huoshwa na kupakwa oili mara kwa mara, kwani vumbi likipita humo huingia silindani kama msasa. Oili ya gia haifiki lita moja na bei yake haina kisingizio. Beringi za mkono wa nyuma hutaka grisi, hasa kwa wapenda kuosha kwa pampu. Moshi mweupe mzito usioisha, huku oili ya gia ikipungua, ni taarifa kwamba sili ya krenki upande wa klachi imechoka. Ni mashine ngapi huandika barua ya ugonjwa kwa rangi, hewani, mbele ya mashahidi?

Mazishi yake yametangazwa mara nyingi. Mwaka 1997 Doug Henry alishinda supakrosi ya Las Vegas kwa Yamaha ya mipigo minne, na wenye haraka wakaanza kuchimba kaburi. Mwaka 2002 Ricky Carmichael alishinda mbio zote 24 za msimu wa motokrosi ya Marekani katika daraja la 250, juu ya CR250R. Mwaka 2005 alitwaa taji la supakrosi kwa Suzuki RM250. Baada ya hapo daraja kuu lilikwenda kwa mipigo minne, na marehemu akarudi kwa watu wake: wenye spana kumi, dumu, na Jumamosi.

Jioni ya siku ya pistoni vyombo vimerudi kwenye sanduku isipokuwa nati moja ambayo haijulikani ilitoka wapi. Petroli imefunguliwa, choki imevutwa. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Ya tatu inawaka, wingu la buluu linaupanda ukuta, na dirisha la jirani linafungwa.