Umeanguka kwa Kura Chache? Mwongozo kwa Mgombea wa Muhumba

Ndugu mgombea, pole sana. Tarehe 20 Desemba 2023 sisi Wakongo tuliitwa kupiga kura nne kwa siku moja (siku ambayo, katika vituo vingi, ilichukua zaidi ya siku): ya rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo, na ile yako ndogo ya madiwani wa komini, ya kwanza tangu Katiba ya 2006. Hiyo ya nne ndiyo inayovunja ujirani. Rais hutakutana naye. Lakini diwani wa komini yetu ya Ibanda, hapa Bukavu, aliyekupita kwa kura chache utamkuta kesho kwenye mteremko wa Muhumba, ananunua samaki wa sambaza kwa mama yule yule unayenunua kwake, na mama anamwongezea kiganja kizima mbele ya macho yako. Heshima ya nyumba inadai uende mahakamani. Basi twende.

Sheria ya uchaguzi inakupa siku nane baada ya CENI, tume ya uchaguzi, kutangaza matokeo ya muda. Siku ya kwanza ni ya hasira. Tatu zinazofuata ni za wageni wanaokuja kukuapia kwamba walikupigia kura. Wakaribishe, ila usijaribu kuwapeleka mahakamani wakazidishe hesabu yako: kura ni siri, na hakimu anajua jinsi bia ya Primus inavyowafungua watu midomo. Siku ya tano tafuta avoka. Mwite Maître, hata kama ni mtoto wa dada yako, na uandae dola; franga atazipokea kwa ajili ya teksi tu. Mpe pia karatasi ya chama inayothibitisha kwamba wewe ni wewe, kwa sababu kuna kesi zinazofia mlangoni: hakimu hasemi kama uliibiwa au hukuibiwa, anasema tu huna sifa ya kushitaki.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni PV, karatasi ya matokeo ya kituo. Usiku wa kuhesabu, darasani, wanakamati wa kituo hujaza ile karatasi, wao na mashahidi wa wagombea husaini, nakala moja hubandikwa nje na shahidi ana haki ya kupewa yake. Kesi yako yote ni hiyo nakala. Hasira, ndoto ya mama mkwe na umati uliokusindikiza siku ya kampeni havina safu kwenye ile karatasi.

Kwa hiyo jiulize, kwa upole, shahidi wako alikula nini siku ile. Sheria ilimpa haki ya nakala, ugali haikumpa. Wewe ulimpa fulana yenye picha yako na ahadi. Saa sita za usiku, taa ni simu iliyobaki na moto kidogo, mwenzake wa upande wa pili anafunua sufuria ya mikate na thermosi ya chai. Mwenye sufuria anamwambia: «Saini kwanza, ndugu yangu, ndiyo tule vizuri.» Akasaini. Hesabu ilikuwa haijaisha. Siwezi kumlaumu, mimi namlaumu aliyempanga pale tangu alfajiri bila hata ndizi.

Kama nakala ipo, ivalie miwani. Angalia namba moja zote kwa zamu. Kistari kimoja cha bic juu ya 1 kinatosha: 13 imelala 13 na kuamka 73. Linganisha wino. Jumlisha mwenyewe, kutoka juu kwenda chini, kisha uone kama jumla inalingana na idadi ya waliopiga kura. Kama ulichonacho ni picha tu ya simu, na kidole gumba cha shahidi kimefunika mstari wa jina lako, itoe hivyo hivyo. Angalau itaonyesha kwamba mtu wako alikuwepo na ana vidole.

Labda una jambo zito zaidi: jirani alionekana na mashine ya kupigia kura sebuleni. Usicheke. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 nchini, na kushika mashine hizo kinyume cha sheria ni miongoni mwa makosa iliyoyataja. Tatizo ni kwamba hao waliondolewa na CENI, kwa wakati iliouchagua yenyewe. Barua yako ya malalamiko itasubiri.

Mbele ya hakimu, avoka kijana atatamani kumtaja Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Mzuie. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu njia iliyofuatwa ilikuwa mbovu, bila kungoja kuhesabiwa kila kura iliyopotea. Huku kwetu sheria inauliza kama kasoro ziliweza kugeuza matokeo. Umeanguka kwa kura 11, umethibitisha wizi wa kura 10? Hongera, umethibitisha wizi, na jirani anabaki diwani. Kisha kuna kizingiti: orodha yenu yote isipofika asilimia 10 ya kura za komini, hata ungeongoza Muhumba nzima, kiti utakisikia Radio Maendeleo.

Ukishinda kesi, usikimbilie kumlipa fundi suti. Juni 2019 Mahakama ya Katiba iliwatoa wabunge wa upinzani zaidi ya 20; mwezi uliofuata wengi wao wakarudishwa, ikaelezwa kwamba kulikuwa na makosa ya maandishi. Mtu alilala mbunge, akaamka raia, akalala tena mheshimiwa. Weka suti karibu, lakini na risiti pia.

Na mahakama ikikutupa, watakushauri uende kwa wakubwa. Fikiri kwanza ni wakubwa gani. Kundi la waasi la AFC/M23 lilipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, kiongozi wake wa kisiasa alikuwa Corneille Nangaa. Ndiye aliyekuwa rais wa CENI, aliyetangaza usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019 matokeo ya rais ambayo mgombea Martin Fayulu aliyapeleka mahakamani akiomba kura zihesabiwe upya, na mahakama ikalitupa ombi lake. Ukibahatika kumwona, beba PV zako zote kwenye bahasha. Atazisoma haraka kuliko avoka wako.