Kwa Mliouona Utajiri wa Baba

Kwa Mkuu wa ofisi inayopima umaskini wa wanafunzi,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwako. Kwetu Mkokoni, pwani ya Lamu, barua huanza hivyo hata kama mwandishi amelala na njaa, kwa hiyo tafadhali usiyahesabu maneno hayo kuwa ushahidi wa uwezo. Natahadharisha mapema kwa sababu nimekwisha kujifunza kwamba ofisini kwako kila kinachotoka kinywani mwa mtu hugeuka mali.

Nia yangu ni kukushukuru. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na katika yote yaliyonifika, hakuna lililonishangaza kama siku ile ya mwaka 2024 nilipofungua simu nikakuta nimewekwa Bendi ya Nne. Na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, niwaeleze wasioijua mizani yako. Mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulizinduliwa Mei 2023, na sasa una bendi tano. Aliye Bendi ya Kwanza, maskini wa maskini, hufadhiliwa asilimia 70 ya karo, hukopeshwa 25, na kwao hutoka 5. Wa Bendi ya Nne hufadhiliwa 40, hukopeshwa 30, na 30 zilizobaki azitoe mzazi. Hata pesa za matumizi, ambazo nazo ni mkopo, hupungua kadiri unavyodhaniwa kushiba: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa yule wa kwanza, 45,000 kwangu mimi.

Nilimpigia baba. Nikamwambia Serikali imetuona tuna uwezo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wameuona wapi?" Baba si mtu wa kejeli, Mheshimiwa. Aliuliza kwa dhati, kama mvuvi aliyepotewa na wavu akasikia umeonekana kisiwa cha pili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiutafuta utajiri huo, na nadhani nimepata nyayo zake katika fomu niliyoijaza mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa ukweli mtupu. Kosa langu lilikuwa ukweli. Niliulizwa kama familia inamiliki chombo cha usafiri. Nikajibu ndiyo, boti. Hapakuwa na nafasi ya kueleza kwamba ni mashua ya tanga na kwamba sisi tuna fungu moja katika matatu, mawili yakiwa ya ami zangu. Najua mtu wa Nairobi akisikia boti huona kitu cheupe chenye kitanda ndani, na watu juu yake wamevaa miwani ya jua. Ya kwetu ina kopo la kufulia maji, na kopo lenyewe halipumziki.

Niliulizwa pia kama nyumba ni ya kupanga au yetu. Ni yetu. Nani atapanga nyumba Mkokoni, na ampangishe nani? Niliulizwa shule ya sekondari niliyosoma. Nilisoma shule ya bweni Mombasa kwa msaada wa watu wenye huruma, nao walilipa kila kitu mpaka sabuni. Mashine yako ikaiona karo ile, ikasema mwenye kuilipa hakosi kitu. Hivyo sadaka niliyopewa jana imekuwa pato la baba leo.

Nikakata rufaa, maana ofisi yako ni ya haki na rufaa inaruhusu. Nikaambiwa nilete barua ya chifu na picha ya nyumba. Mdogo wangu akapiga picha jioni, saa ile jua linapozama. Nilipoiona nilijua tumekwisha. Paa la makuti, mnazi umeinama kwa adabu, na bahari yote ya Kiwayu inameta nyuma. Watu hulipa dola kulala mahali panapofanana na picha ile. Rufaa ilikataliwa, na kwa kweli hata mimi ningeikataa. Umaskini wa pwani una ila hiyo moja: hupiga picha vizuri.

Sasa niruhusu nikueleze namna tajiri alivyolala mwaka mzima. Vitanda vya hosteli chuoni kwetu hugawiwa mtandaoni. Mlango ulifunguliwa saa sita usiku, na kufikia saa sita na robo vitanda vilikuwa vimekwisha. Saa hizo nilikuwa Mkokoni juu ya tuta la mchanga, simu nimeinyoosha angani kama mtu aombaye mvua, nikitazama kiduara kinazunguka. Nikafika chuoni na sanduku, mfuko wa ng'onda ambao abiria wenzangu kwenye basi hawatausahau, na sina pa kulala. Kijana mmoja wa Kitui, Mungu amzidishie, akanigawia kitanda chake. Tukalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake. Asubuhi ya kwanza mtu akachungulia mlangoni akamuuliza, "Huyu ni pairati wako?"

Nilishtuka. Baadaye nikafahamishwa kwamba ndilo jina la mwanafunzi anayelala chumba kisichoandikwa jina lake, na kwamba vyuo vingi nchini vina maharamia wa aina hiyo. Makomredi hulitamka wakicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu natoka pale maharamia waliposhuka kweli. Septemba 2011, usiku, watu wenye bunduki walivamia hoteli ya watalii ng'ambo ya Kiwayu, wakamuua mgeni Mwingereza na kumchukua mkewe mpaka Somalia, alikokaa zaidi ya miezi sita. Watalii wakaacha kuja. Baba, aliyekuwa akiwapeleka wageni wa hoteli baharini, akarudi nyumbani na sare yake, na mpaka leo mama anaitumia kusafishia taa. Kisha Juni 2014 yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni, na kuvua usiku kukapigwa marufuku Lamu kwa miaka kadhaa. Mvuvi wa jarife ukimkataza usiku, umemkataza kazi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, maharamia walimtoa baba kazini, na miaka 13 baadaye mwanawe akawa haramia wa kitanda cha juu. Sijui fomu yako ingeliandika wapi jambo hilo. Pengine kwenye biashara ya familia.

Naona haya kusema kwamba hii si mara ya kwanza Serikali kuniomba ushahidi. Kabla ya karo nilihitaji kitambulisho, na sisi Wabajuni, kwa kuwa tu jirani na mpaka, tulizoea kupigwa msasa kwanza: baba yako nani, babu yako alizikwa wapi, nani atakushuhudia. Utaratibu huo Rais alitangaza kuuondoa Februari 2025, wakati mimi tayari nilikuwa nimeshapigwa msasa nikang'aa. Basi ofisi moja ilitaka nithibitishe kwamba mimi ni Mkenya, na yako ikataka nithibitishe kwamba mimi ni maskini. Ile ya kwanza ilikuwa ngumu, lakini nilishinda. Hii ya pili nilidhani itakuwa rahisi.

Kozi niliyoitiwa ni ya uvuvi, katika mji wa bara usio na bahari wala ziwa. Sikulalamika. Wiki ya tatu mwalimu akaonyesha ukutani picha ya kambakoche, kisha akaandika jina Panulirus ornatus na kutuambia tulikariri. Nikakaa nikimtazama mnyama yule kwa heshima mpya. Miaka yote nilikuwa sijui kwamba aliyekuwa akininunulia madaftari ana jina la Kilatini. Mwalimu akauliza kama kuna aliyewahi kumwona akiwa hai, nikanyoosha mkono, na kuanzia hapo jina langu likawa "wa kambakoche". Kabla ya hapo lilikuwa "wa Mombasa", ingawa ukitoka kwetu Somalia ni karibu kuliko Mombasa, na ukinisikia nasema na mama kwa simu hutadhani ni Kiswahili cha mtihani.

Mwalimu hakutueleza anavyovuliwa, kwa hiyo nitakueleza wewe. Kambakoche hujificha pangoni katika mwamba, na ukimfuata kwa mkono hurudi ndani zaidi. Mvuvi wetu humfunga pweza kwenye kijiti, akazama naye, akampitisha mlangoni. Kambakoche akimwona adui yake hutoka mbio mwenyewe. Nimeukumbuka ufundi huo sana mwaka huu. Nilipiga namba yenu siku 11 mfululizo nikasikiliza muziki. Niliandika baruapepe, nikajibiwa na mashine kwamba barua yangu ni ya muhimu. Nikaanza kujiuliza pweza wa maafisa ni nani. Desemba 2024, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba mfumo mzima ni kinyume cha Katiba, nikasema ndiye huyu, amepatikana. Na Serikali ilitoka pangoni kweli. Ilitoka kwenda kukata rufaa. Rufaa yake, naona, haikudaiwa picha ya nyumba.

Usidhani naidharau kazi yako. Kuhesabu viumbe ni kazi ngumu, na kwetu inafanywa vizuri. Tumo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na humo kasa ana wasimamizi. Kiota kikipatikana huwekwa alama, tarehe ikaandikwa, na mayai yakihesabiwa hupita mia. Kilicho karibu mno na maji huhamishwa polepole mpaka penye usalama, bila kasa kujaza fomu na bila kuulizwa kama bahari anayoishi ni ya kupanga au yake. Nilipokuwa mdogo niliwaonea huruma kasa. Siku hizi mawazo yangu juu yao yamebadilika.

Karo ya mwaka wa kwanza imelipwa, usijali. Ami mkubwa aliuza mbuzi, mama akatoa kidani alichoachiwa na bibi, na kwenye kaskazi baba alizama mpaka masikio yakamuuma. Kwa mwaka wa pili bado tunautafuta ule utajiri, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Baba ameniagiza nikuombe umtume mtu aje amwonyeshe ulipo. Hana ugomvi naye, atamkaribisha kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Anachotaka ni kuonyeshwa kwa kidole, basi, yeye mwenyewe atauchimba.

Njia ni hii. Mjumbe wako asije wakati wa kusi, bahari hukasirika. Ashuke basi Mokowe, avuke Lamu, atafute boti inayokwenda Kiunga, na amwambie nahodha amteremshe Mkokoni. Achukue kitambulisho, ataulizwa njiani zaidi ya mara moja. Aje na ile fomu yangu pia. Akifika ufukweni ataziona mashua tatu zimepandishwa mchangani. Yetu ni ya katikati. Fungu la baba ni lile la nyuma, penye kuvuja.

Wako mtiifu,
Haramia wa Bendi ya Nne