Kabati Halina Kosa

Siku ya 1. Nimeinama kuokota kitunguu, nikainuka, kichwa kikakutana na mlango wa kabati la juu. Mlango niliuacha wazi mwenyewe. Sikuzimia. Nilimwuliza mke wangu leo ni siku gani, akanijibu. Nikamwuliza tena. Hapo ndipo alipoita bajaji.

Kipimo cha CT kimetoka safi. Nimefurahi mapema. Daktari amesema kipimo hutafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo huvuruga utendaji, kwa hiyo pichani kwa kawaida hauonekani. Dalili za hatari amemwandikia mke wangu, si mimi: kutapika tena na tena, kichwa kuzidi kuuma, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, kutoamshika. Karatasi iko kwenye friji.

Siku ya 2. Mama mkwe amefika kutoka Korogwe. Kwake, aliyeumia kichwa halali. Daktari alisema nilale. Tumepatana: nalala, naye ananiamsha kila nusu saa. "Mwanangu, umelala?"

Siku ya 4. Muuza dawa ya mende, kunguni na panya amesimama chini ya dirisha langu na spika yake. Kwa mara ya kwanza nimewaonea huruma mende.

Siku ya 6. Nimetumwa dukani. Jina la kitu limenitoka njiani. Nimemweleza muuzaji: kina mpini mrefu na kichwa kama bakuli. Nimerudi na kifaa cha kuzibulia choo. Mchuzi tumegawiwa kwa kikombe.

Siku ya 9. Kazini, na miwani ya jua. Mwenzangu mmoja ameniamkia kwa mbali, akidhani nina macho mekundu. Baada ya dakika ishirini mbele ya kompyuta, herufi zikaanza kutembea kama siafu. Mkaguzi wa hesabu nimemtumia orodha ya mahitaji ya nyumbani. Amejibu: "Risiti ziko wapi?"

Siku ya 11. Nimepanda daladala na mtoto wa jirani aliyevunjika mkono. Ana plasta ngumu yenye saini za darasa zima. Amepishwa kiti. Mimi konda ameniambia nisogee nyuma.

Siku ya 13. Mzee wa nyumba ya pili amenipa pole ya ajali ya bodaboda. Nimemwambia ni kabati. Amerudia pole, kwa sauti ndogo zaidi.

Siku ya 15. Kliniki. Watu wazima wengi, asema daktari, hupona ndani ya wiki mbili. Wengine huchukua mwezi au zaidi. Nimeuliza mimi ni wa wengi au wa wengine. Ametazama kalenda. Kujifungia gizani siku nyingi hakusaidii, na dawa za maumivu zikimezwa kila siku zinaweza kuleta maumivu mengine. Nitembee kidogo kidogo; dalili zikizidi, nipunguze.

Siku ya 17. Nimetembea hadi kwa fundi viatu, nikarudi.

Siku ya 21. Nimejiona mzima. Nimempita fundi viatu, nikavuta hadi kituo cha daladala. Honi moja ikanirudisha kwa fundi viatu. Amenisogezea kigoda bila kuuliza, akaendelea kushona. Nimekaa hadi soli mbili zikaisha.

Siku ya 24. Kazini wanasema lilikuwa lori. Sijakanusha. Nimepewa kiti cha mbali na dirisha.

Siku ya 27. Saa nne usiku, gizani, nimeketi kitandani ghafla: "Upawa!"

"Nilinunua wiki iliyopita, Baba Neema," mke wangu amejibu bila kufumbua macho. "Uko kabatini. Lala."

Nimekwenda kuuona. Mlango wa kabati nimeukuta wazi. Nimeufunga polepole, nimezima taa, nimerudi kitandani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba upawa sijauona.