Nyeupe ya Ndani

Katika kundi la WhatsApp la kwaya yetu kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote: asiyesema, amekubali. Mimi nilikuwa kimya saa tatu tu, Jumamosi jioni, simu ikiwa kwenye chaji. Nilipoishika nikakuta mgawo wa chakula cha sikukuu ya Mtakatifu Sesilia umeshafungwa. Soprano: pilau na kachumbari. Alto: ndizi na maharage. Tena: kuku na soda. Besi: kitindamlo. Chini yake kiongozi wetu wa besi, mtu ninayemheshimu hadi leo kwa shida, kaandika jina langu na kuweka vidole gumba vitatu.

Kwa wasioimba: Sesilia ni somo wa wanamuziki, sikukuu yake ni Novemba 22, nasi wanakwaya humkumbuka kwa misa kwanza, sufuria baadaye. Masimulizi yanasema siku ya harusi yake, vyombo vya muziki vikilia, yeye alimwimbia Mungu moyoni. Wapo waumini wa parokia yetu ambao wangependa besi tumuige.

Sasa, kitindamlo ni nini? Mimi nimekulia Rulenge, katika nyumba ambayo mlo ulitindwa na mama akiuliza, "Haya, zamu ya nani kuosha vyombo?" Baada ya hapo hapakuwa na utamu wowote. Tena mimi ni kitinda mimba, najua hali ya vitu vinavyokuja mwisho: vinakuta sufuria imekwanguliwa. Ukienda hotelini wanakupa kipande cha tikitimaji, kisha kijiti cha meno. Nikaandika kwenye kundi: "Jamani, kwetu sisi kitindamlo si vijiti vya meno?" Nikapata vicheko 12. Hakuna aliyenitoa kwenye mgawo.

Msinielewe vibaya, sikatai kuchangia. Wilaya yetu ya Ngara yenyewe inaishi kwa kuchangia. Nendeni Rusumo mkaone: Ruvubu unakuja na maji yake kutoka Burundi, Kagera unakuja na yake mpakani na Rwanda, inakutana, halafu inaporomoka pamoja. Mitambo ya pale ina uwezo wa megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wake sawa kwa sawa. Hakuna mto hata mmoja ulioambiwa saa mbili usiku ulete kitu kitamu cha watu sitini.

Mke wangu alikuwa Biharamulo, kamwendea mdogo wake aliyejifungua. Nikampigia.

"Mama watoto, kitindamlo kinapikwaje?"

Kimya. Kisha kicheko. Kisha simu ikapelekwa kwa mzazi wa siku nne, ambaye kwa hali yake hakutakiwa kucheka hivyo. Iliporudi nikapewa ushauri: "Nunua ndizi mbivu, osha, panga kwenye sinia."

"Hicho si kitindamlo, hizo ni ndizi."

"Basi zikate."

Nikawageukia besi wenzangu. Mmoja akasema tupeleke rubisi: ni ya ndizi, ni tamu, na inatinda mlo pamoja na mipango yote ya jioni. Tukakubaliana kwamba paroko angetuelewa lakini mwenyekiti wa kwaya asingetuelewa. Mwenzetu wa Bukoba akataja senene, maana Novemba ndio mwezi wao. Wazo zuri, ila mtu mwenye senene wa kutosha watu sitini haendi nao kwaya. Anaenda nao sokoni.

Nikaingia mtandaoni, nikakuta video: kitindamlo rahisi cha dakika kumi. Dada wa kwenye video alikuwa na oveni, mashine ya kupigia mayai, krimu ya aina mbili na friji ya milango miwili. Dakika zake kumi zilipokwisha akatabasamu, akasema iache kwenye friji hadi kesho. Hapo ndipo nilipojua kwamba "rahisi" ni neno la watu wenye vifaa. Ni kama fundi anaposema "hiyo kazi ndogo tu, bosi." Ukisikia hivyo, shika mfuko.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nikaenda sokoni. Sherehe saa nane mchana, saa yangu inasema saa nne. Nikanunua mtindi lita 5, biskuti za kawaida pakiti 12, karanga za kukaanga na vichana vinne vya ndizi kisukari. Mama muuza ndizi akaniuliza kama nina shughuli. Nikamwambia ni kitindamlo cha kwaya. Akanipunguzia mia mbili kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Mapishi yenyewe nitawapa, maana sina kinyongo. Twanga biskuti kwa mchi, zivunjike lakini zisiwe unga. Koroga mtindi na asali mpaka uchachu ukubali kukaa nyuma. Mimi nilitumia chupa ya asali ya porini ambayo mke wangu aliletewa kutoka Biharamulo na ambayo nimekatazwa kuigusa; ninyi tumieni ya kwenu. Kata ndizi vipande vyembamba. Panga: biskuti, ndizi, mtindi, biskuti tena, ndizi tena, mtindi tena. Karanga juu. Iache saa moja biskuti zilainike. Mwenye friji aweke kwenye friji. Sisi tunaokaa juu ya vilima vya Ngara, Novemba ya mvua, dirisha la jikoni linatosha.

Tatizo lilikuwa chombo. Dada wa kwenye video alipanga tabaka zake katika bakuli la kioo, kila tabaka likaonekana kama ramani. Mimi bakuli la watu sitini nitalipata wapi? Chombo kikubwa chenye mfuniko nyumbani kwangu ni ndoo moja ya lita 10, nyeupe, safi, inateka maji ya kunywa huu mwaka wa nne. Tuliinunua ikiwa na rangi. Rangi ilikwenda sebuleni, ndoo ikabaki, na maandishi yake ubavuni yakagoma kufutika.

Bibi wa jirani, naye mlezi wa kwaya yetu, akachungulia mlangoni akanikuta nimeinama juu ya ndoo na mwiko.

"Mwanangu, unapaka nyumba Jumapili?"

"Hapana, Bibi. Natengeneza chakula. Ni kitu cha kula mtu akishashiba."

"Akishashiba?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

Nimesoma mpaka chuo, sikuwa na jibu.

Nikapanda bodaboda, ndoo mapajani. Barabara za kwetu hazijui tambarare, ni kupanda na kujuta. Kila tulipoteremka, tabaka la juu lilishuka kusalimia la chini. Kila tulipopanda, la chini lilirudisha salamu. Nilikuwa na tabaka saba nilipotoka nyumbani. Nilipofika ukumbini nikafungua mfuniko, nikakuta zimeshafunga ndoa.

Wageni wetu, kwaya ya kutoka Biharamulo, wakaingia na Coaster saa tisa na nusu, wamechelewa, wamejaa vumbi na matope kwa pamoja, na wanaimba. Watu wa Biharamulo wanajivunia Boma lao la Mjerumani kama vile walilijenga kwa hiari, lakini kwenye sherehe hawaji mikono mitupu. Hakuna aliyewatumia mgawo, kwa hiyo walileta walichokuwa nacho: beseni la kabalagala, zile za ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo, zikakaangwa mpaka nje zikawa kahawia na ndani zikabaki laini. Bila video. Bila kundi la WhatsApp.

Wakati wa kutambulisha vyakula ukafika. MC wetu ni mtu wa tena, na tena hawajawahi kututakia mema. Akawasifu soprano kwa pilau, akawasifu alto, akajisifu mwenyewe kwa kuku. Akafika kwenye ndoo yangu. Akafunua, akatazama, akafunika. Kisha akainama, akasoma ubavuni kwa sauti ya kusomea waraka wa askofu:

"Na besi, wapendwa, wametuletea Nyeupe ya Ndani."

Paroko alivua miwani akafuta macho. Mtu wa alto alipaliwa na soda. Mimi niliangalia dari, ambayo kwa bahati mbaya nayo ilikuwa inahitaji kupakwa rangi.

Watu wakala. Pilau ikapigwa, sahani zikawa na vilima kama wilaya yenyewe. Ndoo yangu ikakaa pembeni kama mgeni asiyejua lugha. Nikaanza kupanga jinsi ya kula lita saba peke yangu kabla mke hajarudi.

Ndipo Bibi aliponyanyuka. Akachukua kabalagala moja ya wageni, akaichovya ndani ya ndoo yangu, akala. Akafumba macho. Akachovya tena. Ukumbi mzima ukamtazama kama unasubiri matokeo ya mtihani.

"Hiki kitu," akasema, "ungekileta kabla ya pilau."

Hapo foleni ikaanza. Ndani ya nusu saa watoto walikuwa wameingiza vichwa ndooni. Kiongozi wetu wa besi alisimama karibu na mlango akipokea pongezi: "Sisi besi tulijipanga mapema." Jioni mke akapiga simu, swali la kwanza kuhusu chupa ya asali. Nikamwambia mtandao unakata.

Wiki hii mgawo wa Krismasi umeanza. Safari hii sikulala. Ujumbe wa kwanza kabisa kwenye kundi ni wangu: "Mimi naleta vijiti vya meno."

Mwenyekiti akajibu papo hapo: "Asante. Wewe mwenyewe ulituambia hicho ndicho kitindamlo. Besi: kitindamlo. Ndoo ileile."